Mti Mmoja, Neno Moja: Namna ya Kuchora Miti ya Dar Ikabeba Hisia

Ukimwuliza mtu wa Dar anashukia wapi, mara nyingi atakutajia mti. Mnazi Mmoja. Mkwajuni. Mwembechai. Mivinjeni. Mikocheni, ambako mikoche ndiyo iliyotoa jina. Mingi ya miti hiyo haipo tena, lakini kondakta bado anaita na abiria bado wanashuka palepale. Kwa watu wanaozitaja njia zao kwa miti, mti kwenye picha hauwezi kuwa pambo la kujazia nafasi.

Jumamosi huwa nakaa na vijana wachache wanaojifunza kuchora. Shida ninayoiona kwao si ya mkono, mkono wanao. Mtu anachora mwembe, majani yote yapo, magome ya shina yapo, hata sisimizi angewekwa angeonekana, na bado picha imenyamaza. Nikiuliza, "Ulitaka tuhisi nini?" jibu ni "uzuri". Sasa uzuri haukuambii mti uuweke katikati au pembeni, asubuhi au adhuhuri, na mtu chini yake au bila mtu. Mwongozo huu unaanzia hapo. Unahitaji penseli, karatasi, rangi chache za akriliki (zile zinazochanganywa na maji na kukauka upesi), kipande cha kanvasi au ubao, na siku nne za kurudi mahali pamoja.

Hatua ya kwanza: tafuta neno kabla ya rangi

Nenda kwenye mti wako mikono mitupu. Simu ibaki mfukoni kwa dakika 20 za mwanzo. Keti, utazame, kisha andika neno moja linalosema unachohisi. Lisiwe "huzuni" wala "furaha". Hayo ni mapana mno, kila kitu kinaenea ndani yake.

Lugha yetu ina hazina kubwa upande huu, na wachoraji hatuitumii. Chukua upweke na ukiwa. Upweke ni wa mmoja aliyekosa mwenzake. Ukiwa ni wa mahali: palikuwa na watu, wameondoka. Nyumba iliyohamwa ina ukiwa hata kama imebanwa na nyumba nyingine pande zote. Ukishaitambua tofauti hiyo, nusu ya maamuzi ya picha yamekwisha kufanyika. Mti wa upweke unataka nafasi kubwa kuuzunguka, na mti mwingine usiwe karibu. Mti wa ukiwa hauna haja ya nafasi. Unataka dalili za waliokuwapo. Ardhi iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Gogo lililong'aa kwa kukaliwa. Kamba ya kuanikia yenye kibanio kimoja.

Simanzi nayo ni huzuni iliyokwisha kulia, imekaa moyoni kimya. Hiyo huichora kwa rangi zinazokaribiana, pasipo weupe mkali wala weusi mkali. Utulivu unapenda mistari inayolala: ardhi, maji, tawi refu lililonyooka kando. Hofu inapenda matawi yanayokujia wewe mtazamaji. Subira inataka kivuli, na kitu kinachongoja ndani ya kivuli hicho.

Mjerumani Caspar David Friedrich alichora mwaka 1822 mwaloni mmoja umesimama peke yake uwandani, kilele kimekauka na kuvunjika, milima iko mbali nyuma yake. Ungedhani ni picha ya upweke. Lakini kwenye shina amemweka mchungaji ameegemea, kondoo wake wako karibu. Ni mdogo kiasi kwamba unaweza kumpita mara ya kwanza. Itafute picha hiyo kwenye simu, mfunike mchungaji kwa kidole, kisha ondoa kidole. Bila yeye, ule ni mti uliojeruhiwa. Akiwapo, ni mzee aliyeumia ambaye bado anawapa watu kivuli. Neno limebadilika kwa sababu ya mtu mdogo kuliko ukucha.

Hatua ya pili: chagua saa

Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Picha nyingi za kuuzia wageni zinaonyesha jua likizama baharini nyuma ya minazi. Dar bahari iko mashariki. Jua hutoka huko, na jioni huzama nyuma ya nyumba zetu, upande wa Ubungo na Kimara. Ukitaka kuliona likizama juu ya maji, kaa upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, unapotazama ghuba. Simtajii mtu hili kwa ajili ya ramani. Ukiikosea saa, umeikosea hisia.

Nenda Coco Beach saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uitazame mivinje. Mwanga unatoka nyuma yake, baharini, kwa hiyo mti wote ni mweusi, na vijani vyake vyembamba kama nywele vinaonekana kingoni tu. Rudi saa kumi na mbili kasorobo jioni, simama palepale. Sasa jua liko mgongoni mwako, shina limekuwa rangi ya udongo wa kuchoma, na bahari nyuma yake imeanza kuingia giza. Mti ni uleule. Asubuhi ni siri, jioni ni kuagana.

Mchana kweupe watu wanausema vibaya bure. Ni kweli kwamba jua la utosini hufuta rangi na kuufanya mti uwe bapa. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu, na kivuli cha mwembe hujikusanya chini yake kama mkeka uliotandikwa. Kama neno lako ni uchovu, au subira, hakuna saa bora kuliko saa saba mchana. Chora ardhi nyeupe inayoumiza macho, na ndani yake lile doa moja jeusi la baridi ambalo kila mwenye akili anakimbilia.

Saa ninayoipenda mimi ni ile ya kabla ya mvua ya masika. Wingu limeshakuwa rangi ya sufuria upande mmoja, jua bado linapiga upande mwingine, na kijani cha miti kinawaka mbele ya wingu lile jeusi. Haikai. Jioni nayo haikai: jua likishazama una kama dakika 20 za mwanga, basi. Ndiyo maana nimesema siku nne. Fanya kazi robo saa kila siku, saa ileile, kuliko kukaa masaa matatu siku moja huku mwanga ukikukimbia.

Na uanze leo. Claude Monet, huko Ufaransa mwaka 1891, alikuwa anachora safu ya mipopla kando ya mto Epte miti ilipopangwa kuuzwa ikatwe. Ilibidi amlipe mfanyabiashara wa mbao ili miti isimame mpaka amalize. Mimi nilikuwa na mwembe uani kwa bibi yangu, Temeke, ambao nilijiwekea kuuchora baada ya Idi. Nilipofika nilikuta kisiki, utomvu bado unatoka pembeni ya gome, na mafundi wanapima msingi wa fremu za biashara. Kilichobaki ni mchoro mmoja wa penseli nyuma ya daftari, na maneno niliyoandika pembeni siku ile bila kufikiri: "chini kijani cha chupa, juu kijani cha mchicha uliochemka, machipukizi rangi ya shaba." Maneno hayo yamenifaa kuliko picha yoyote ya simu. Simu huona rangi kwa namna yake. Andika rangi kwa maneno ya jikoni na ya nyumbani, siku ya kwanza kabisa.

Hatua ya tatu: visanduku vya kiberiti

Chora kwenye karatasi visanduku sita vyenye ukubwa wa kiberiti. Ndani ya kila kimoja weka mti wako kwa namna tofauti. Usichore jani hata moja. Doa la giza linatosha. Kitu cha kuhamisha ni upeo wa macho, ule mstari ambapo ardhi inakutana na mbingu.

Upeo ukiwa chini, mti unapanda juu ya mbingu na wewe mtazamaji unakuwa mdogo. Hapo kuna heshima, au woga, au sala. Upeo ukiwa juu, ardhi inaumeza mti, nao unaonekana mzito, umechoka, au umetulia nyumbani kwake. Mti ukikaa katikati kabisa unakuwa kama mtu aliyeitwa mbele za watu. Usogeze pembeni, nafasi iliyobaki inaanza kuuliza: nani atakuja kukaa hapo?

Nafasi tupu ni sehemu ya mti. Mjapani Hasegawa Tohaku, mwishoni mwa karne ya 16, alichora misonobari kwa wino mweusi peke yake, na sehemu kubwa ya karatasi akaiacha bila kitu. Ule utupu unasomeka kama ukungu. Dar hatuna ukungu wa namna hiyo, lakini tuna mvua. Nimewahi kuitazama mikoko ya Kunduchi mvua ikinyesha: mti wa kwanza ulikuwa mweusi, wa pili kijivu, wa tatu kama alama ya kidole kwenye kioo, na baada ya hapo hakuna kitu. Ukiweza kuiacha karatasi ifanye kazi hiyo, iache.

Chagua kisanduku kimoja. Kama viwili vinagombana, chukua kile kinachofanana na neno lako, hata kama kingine kimependeza zaidi.

Hatua ya nne: mkao wa mti

Mti una mkao kama mtu. Kabla ya majani, chora kwa mstari mmoja namna unavyosimama, kwa sekunde 10, bila kuinua mkono. Mnazi huinama kisha ukajinyoosha kuutafuta mwanga. Mwembe hujifunika mpaka chini kama mama aliyejitanda khanga. Mkwaju hukunja viwiko. Mbuyu kiangazi hupukutisha majani yote ukabaki na matawi yanayofanana na mizizi, na hapo ndipo unapoonyesha umri wake. Mvua ikija ukavaa majani, hisia ni nyingine kabisa. Usiuchore mbuyu wa Agosti na mbuyu wa Aprili kwa neno moja.

Mikoko inastahili siku yake peke yake. Nenda maji yakiwa yamekupwa, vaa viatu usivyovionea huruma. Chuchumaa mpaka macho yako yawe usawa wa mizizi. Mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyojipinda kama vidole vilivyoshika tope, na kila mzizi una mstari ambapo maji yalifika: juu ya mstari ni kavu, kijivu; chini ni nyeusi, imelowa, ina chaza wadogo. Mchu hauna miguu hiyo. Mizizi yake inachomoza wima kutoka topeni, maelfu, kama penseli zilizochomekwa. Ukitaka kuchora ung'ang'anizi, mkoko. Ukitaka kuchora pumzi, mchu, kwa maana vile vijiti ndivyo mti unavyovutia hewa. Kwa picha ya mikoko mimi hukata majani yote nje ya fremu. Mizizi na ule mstari wa maji vinatosha kusema kwamba maji yatarudi.

Hatua ya tano: giza na mwanga

Hii ni fupi, lakini usiiruke. Finya macho mpaka rangi zipotee, ubaki na viwango vitatu: giza, kati, mwanga. Vipake vyote kwa rangi moja ya kahawia iliyopunguzwa maji. Kama unashindwa kuviona, piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Neno lako likiwa zito, giza lichukue zaidi ya nusu ya picha. Likiwa jepesi, fanya kinyume. Nusu kwa nusu huzaa picha isiyo na msimamo.

Hatua ya sita: usinunue kijani

Kijani cha kwenye chupa ni kijani cha mlango wa duka. Kiache. Nunua bluu iliyokolea, njano ya limau, njano ya udongo, nyekundu, nyeupe, na nyeusi kidogo. Njano na nyeusi hutoa kijani cha zeituni, kizuri kwa mkwaju na kwa mwarobaini wenye vumbi. Bluu na njano ya udongo hutoa kijani kizito cha kivuli cha mwembe. Tone la nyekundu ndani ya kijani chochote hukituliza. Kwa simanzi, changanya tone hilohilo la nyekundu kwenye kila rangi ya picha, hata ya mbingu, na zote zitakuwa ndugu.

Angalia kwa makini kabla ya kuamini kwamba majani ni ya kijani. Majani machanga ya mwembe hutoka mekundu-kahawia, laini, yanalegea kama nguo mbichi. Mkrismasi ukichanua kuelekea Desemba hauna kijani cha kusema. Kivuli juu ya mchanga wa pwani kina zambarau.

Joto letu na upepo hukausha akriliki ukiwa bado unawaza. Chukua bakuli la plastiki lenye mfuniko, tandika tishu zilizoloweshwa maji, juu yake weka karatasi ya kuokea, na uchanganyie rangi hapo. Funika ukimaliza, kesho utazikuta mbichi.

Tunaye pia mwalimu wa hapahapa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972, kipindi kifupi kuliko shule ya msingi. Alitumia rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya ubao. Nyuma ya mnyama au mti mara nyingi aliweka rangi moja tu, bapa. Ukienda kwenye ushirika wa wachoraji wa mtindo wake Oysterbay, tazama zile za mandharinyuma ya rangi moja, kisha jiulize rangi hiyo inakupa hali gani kabla hujaangalia kitu kingine. Jaribu nyumbani: mbuyu uleule mweusi, mbele ya njano, mbele ya kijivu, mbele ya nyekundu ya matofali. Zoezi hili la nusu saa limewafungua macho wanafunzi wangu kuliko maelezo yangu yote.

Hatua ya saba: maana

Hisia unaiweka wewe. Maana watazamaji wanakuja nayo. Mtu wa pwani akiona mbuyu hafikirii mbao. Anafikiria mizimu, kitambaa kilichofungwa, chetezo, na onyo la bibi kwamba usipite hapo wakati wa magharibi. Akiona mwembe anafikiria baraza: kahawa, bao, mikutano ya mtaa, watoto na mawe. Huko Ulaya mvinje wao, si huu wa Coco Beach bali msaipresi, ule mrefu mwembamba alioupenda mchoraji Vincent van Gogh mwaka 1889, ulikuwa mti wa makaburini. Wafaransa waliotazama walijua hilo bila kuambiwa. Sisi tukiiga mti ule tunaazima sura na kuacha maana nyuma. Tumia miti ambayo watu wako wanaijua kwa majina.

Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, hakuazima. Alichora migomba na watu wa kwao wakifanya kazi pamoja chini yake. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo kwenye jumba la sanaa ya kisasa la New York. Kwake mti ulikuwa sehemu ya shughuli ya watu.

Kwa hiyo ongeza alama ya binadamu, lakini moja. Kiti, au ndala, au baiskeli iliyoegemezwa. Ukiweka zote tatu unasimulia hadithi na mti unakuwa kibanda cha kuifunika. Iweke mahali ambapo jicho litafika la mwisho, kwenye ukingo wa kivuli.

Hatua ya nane: mpelekee asiye mchoraji

Usimwulize kama imependeza, atakujibu kwa adabu. Mwulize: "Hapa ni saa ngapi, na aliyekuwa hapa yuko wapi?"

Ule mwembe wa bibi niliuchora baadaye, kutoka kwenye mchoro wa daftari. Neno langu lilikuwa ukiwa. Nilichora shina, gogo la kukalia, ardhi iliyofagiliwa, na alama yangu moja: ndoo yake ya bluu. Nikampelekea mama mwenye genge la mtaani kwetu.

"Shikamoo mama. Naomba unitazamie hii."

"Marahaba mwanangu." Alifuta mikono, akaishika kwa kingo zake kama sinia. "Hii ni jioni. Kumefagiliwa."

"Na aliyekuwa hapa?"

"Ameingia ndani mara moja, anarudi. Nani anaacha ndoo nzima nje?"

Nilichora ukiwa, yeye akasoma subira, na alikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani nikachanganya rangi ya vumbi, nikaifunika ndoo yote, nikabakiza lile duara la unyevu pale ilipokuwa imekaa.